Kula na Kunywa: Siku Mbili za Kunyonga Baiskeli Chianti

Waendesha baiskeli wa Italia wana jina la barabara isiyotulia. Wanaiita *mangia e bevi*, kula na kunywa. Unapanda kidogo, unashuka kidogo, tonge halafu funda, tonge halafu funda, mpaka uombe po. Shemeji yangu hakunifafanulia hivyo. Aliniambia tu kwamba njia ya kutoka Firenze hadi Siena kwa kupitia Chianti, vilima vya mizabibu vya mkoa wa Toscana, "ni kula na kunywa, shem," nami nikaelewa nilivyotaka kuelewa. Nikaja na suruali nzuri ya kukalia mezani, nimeikunja ndani ya kibegi cha mgongoni. Katika siku zile mbili sikujutia kitu kama ile suruali.

Nijitetee kidogo. Mimi ni mtu wa Hombolo, Dodoma. Nimekua kati ya mizabibu na baiskeli, kwa hiyo nilijiona nimeiva kwa safari ya namna hii kuliko Mtanzania yeyote anayeishi Italia. Tena nilikuwa na hesabu yangu mkononi. Dodoma mjini ni zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Monte San Michele, kilele cha juu kuliko vyote Chianti, hakifiki hata 900. Nilimwambia shemeji kwamba kwetu tunalima zabibu juu kuliko kilele chao. Akatabasamu, akaendelea kujaza upepo.

Nilichosahau ni kwamba Dodoma ukishakuwa juu umeshakuwa juu. Ardhi imejilaza, unanyonga kutwa nzima na adui yako ni upepo na jua. Chianti hakuna mlima wa kumtisha mtu, ila kila ulichopanda unanyang'anywa ndani ya dakika 5, halafu unauziwa tena kwenye kona inayofuata.

Na baiskeli yenyewe. Nilikodi ile ya mbio, fremu ya kaboni, nyepesi kiasi cha kuinyanyua kwa vidole viwili. Haina keria, haina kengele, haina stendi, haina madigadi. Bei ya kuinunua, mwenye duka aliponitajia, nilihesabu pikipiki mbili na chenji ya kuweka mafuta. Nilipoikalia mara ya kwanza nilihisi nimepanda mbuzi. Phoenix ya baba, ile nyeusi, ilikuwa punda. Ilibeba matenga mawili ya zabibu kwenye keria, na mimi mtoto nimekaa mbele kwenye bomba, haikulalamika ila kwa mnyororo.

Tuliondoka Firenze asubuhi ya Jumanne, wiki ya pili ya Oktoba 2025, tukielekea kusini. Haikupita nusu saa tukawa Ponte a Ema, kijimji ambacho ungekipita bila kugeuza shingo kama pasingekuwa na makumbusho ya baiskeli yenye jina la Gino Bartali. Hapa ndipo alipozaliwa 1914. Alishinda Tour de France, mbio za baiskeli za kuizunguka Ufaransa, 1938, vita vikamla miaka yake mizuri, akarudi akaishinda tena 1948, miaka 10 baadaye. Giro d'Italia, mbio kama hizo za Italia, aliichukua mara 3. Hayo yanatosha kumjengea mtu makumbusho, lakini shemeji hakusimama kwa ajili ya hayo.

Mwaka 1943 na 1944, Wajerumani walipoikalia Italia, Bartali alikuwa akitoka Firenze kwenda Assisi na kurudi, mbali sana, na kila aliyemwona alijua bingwa yuko mazoezini. Ndani ya mabomba ya fremu yake zilisokotwa picha na karatasi za kutengenezea vitambulisho bandia vya Wayahudi waliofichwa kwenye nyumba za watawa. Inasimuliwa kwamba askari wakimsimamisha aliwaomba wasiiguse baiskeli, eti kila kitu kimepimwa kwa ajili ya mwendo wa kasi, nao wakamwachia kwa sababu ya umaarufu wake. Vita vikaisha, akanyamaza. Alifariki mwaka 2000 akiwa hajaifanya habari ile kuwa sifa yake, na mwaka 2013 taasisi ya Yad Vashem ya Jerusalem ikamweka kwenye orodha ya watu wa mataifa mengine waliowaokoa Wayahudi.

Ilikuwa mapema mno, hatukuingia. Nilisimama nje nikagonga bomba la baiskeli yangu kwa ukucha. Likalia wazi, tupu. Umri wangu wote nimeona baiskeli inabeba: matenga, magunia ya mkaa, madumu ya maji, mgonjwa anayekimbizwa zahanati. Sikuwahi kufikiria mzigo unaokaa ndani ya bomba.

Baada ya hapo barabara ni SR 222, maarufu kwa jina la Chiantigiana, ile ambayo kila kitabu cha watalii kinaiimba. Niseme ninavyoona: imesifiwa kupita kiasi. Mandhari ipo, hakuna anayebisha, lakini magari-nyumba ya watalii yanakupita karibu na kiwiko, na pikipiki zinakuja kwa makundi kama nyuki. Unatazama uzuri kwa jicho moja, la pili liko nyuma. Kama unakwenda, nenda siku ya kazi, na ukiona kijia cha pembeni chenye kibao cha kijiji usichokijua, kifuate hicho.

Tulifika Greve baada ya kama kilomita 30. Uwanja wake una umbo la pembetatu, nyumba zimeuzunguka kwa vibaraza vya matao, na katikati amesimama kwa shaba Giovanni da Verrazzano, baharia aliyeingia ghuba ya New York 1524. Ngome ya ukoo wake iko kwenye kilima cha jirani. Tukanywa kahawa tumesimama kaunta kama desturi ilivyo, na mimi nikafurahi, nikasema kumbe vijiji vya huku viko bondeni, mambo yatakuwa mepesi.

Shemeji akanyoosha kidole juu. Nikaona kilima, na kichwani mwa kilima kimeketi kijiji cha mawe, kimejiviringisha kama jongoo aliyeguswa. Montefioralle. "Kile ndicho cha zamani," akasema. "Greve ilikuwa soko lake tu."

Hapo ndipo nilipoanza kuisoma barabara, na sikuacha mpaka Siena. Chianti ina vijiji vya aina mbili. Vya bondeni ni vya soko: Greve, Gaiole. Watu walishuka huko kuuza na kununua kwa sababu mzigo haupendi kupanda. Vya juu ni vya hofu: Montefioralle, Panzano, Castellina, Radda, Volpaia. Watu walipanda kulala mahali ambapo adui ataonekana kabla hajafika. Barabara ya leo imerithi yote mawili. Inashuka kufuata biashara, inapanda kufuata hofu, na mimi niko katikati natafuta gia nyepesi zaidi ambayo haipo.

Kutoka Greve, iliyo karibu mita 240, hadi Panzano, iliyo karibu 500, ni kilomita kama 7. Kwenye karatasi si kitu. Shemeji alikuwa akinyonga na kunisimulia habari za gari lake linalovuja mafuta, sentensi ndefu, bila kukatisha pumzi. Mimi nilijibu kwa herufi moja moja. Kufika kona ya nne nilishaacha kutazama mizabibu, natazama tairi la mbele tu na vijiwe vya lami. Mtu asikudanganye kwamba kwenye mlima unaona mandhari. Mandhari unaiona ukishafika, ukiwa umeinamia usukani, jasho linakudondoka kwenye kioo cha saa. Panzano nilipoinua kichwa, bonde la kusini lilikuwa limejaa mizabibu iliyopangwa mistari, majani yameanza kugeuka rangi ya kutu. Wanaliita Conca d'Oro, bakuli la dhahabu. Nilikaa kwenye ukuta wa mawe nikala ndizi mbili bila kusema neno.

Hofu hiyo ilitoka wapi? Kati ya Firenze na Siena ni mwendo wa saa moja na kitu kwa gari, na miji hii miwili ilipigana kwa karne nzima nzima. Mwaka 1260, karibu na mto Arbia, Siena iliwachinja watu wa Firenze kwenye vita vya Montaperti, na mpaka leo mtu wa Siena anaweza kukutajia mwaka ule kana kwamba ni mechi ya wiki iliyopita. Mwisho wa yote Siena ndiyo iliyoanguka, 1555. Chianti ilikuwa mpakani. Firenze iliziunganisha Radda, Gaiole na Castellina kuwa umoja wa kijeshi, Lega del Chianti, na nembo yake ilikuwa jogoo mweusi. Ndiye yule yule unayemwona leo kwenye shingo ya chupa ya mvinyo wa Chianti Classico. Watu wengi wanadhani ni alama ya shamba fulani la kuku.

Ipo hadithi yake, shemeji aliisimulia tukishuka kutoka Panzano, anapiga kelele kushinda upepo. Miji ilichoka kupigana, ikakubaliana kwamba kila upande utamtoa mpanda farasi jogoo wa kwanza akiwika, na watakapokutana ndipo patakapokuwa mpaka. Siena wakachagua jogoo mweupe, wakamlisha vizuri. Firenze wakachagua mweusi, wakamfungia gizani na njaa. Siku ilipofika jogoo wa Firenze aliwika usiku wa manane kwa shida ya tumbo, mpanda farasi wao akatoka mapema, na wakakutana Fonterutoli, kilomita 12 tu kutoka kuta za Siena. Ni hadithi, si historia. Kwetu jogoo anayewika usiku wa manane haongezewi eneo, analiwa siku hiyo hiyo.

Castellina ilinipendeza kwa jambo moja. Chini ya ukuta wa zamani wa mji kuna njia ndefu iliyofunikwa kwa matao, Via delle Volte, giza na ubaridi, na madirisha madogo yanayotazama bonde. Ilikuwa ya walinzi wa ukuta. Leo kuna vyumba vya mvinyo na mikoba ya ngozi. Nilipita humo na viatu vyangu vya baiskeli vyenye vyuma chini, ka, ka, ka, mwangwi unarudi, na mtoto mmoja wa kitalii akageuka akitegemea farasi.

Kutoka Castellina kwenda Radda ni kama kilomita 10, na kama una siku moja tu maishani ya kuendesha baiskeli huku, endesha hapo. Barabara inakwenda juu ya mgongo wa vilima, haipandi sana, haishuki sana, na pande zote mbili dunia imekuwekewa chini. Jua lilikuwa linalala. Hapo pia ndipo nilipogundua jambo ambalo picha zinalificha. Nilitarajia mizabibu mpaka macho yachoke, kumbe karibu theluthi mbili ya eneo hili ni msitu. Mialoni na vichaka, na vibao vya kutahadharisha wanyama pori. Mizabibu imekaa kama viraka kwenye shati la kijani. Udongo ukiuona pale ulipochimbwa ni mawe matupu: alberese, chokaa ngumu nyeupe, na galestro, mwamba unaomeguka kama chapati kavu. Baba angeuona ule udongo angesema hapa hata mtama hauoti.

Radda ilikuwa makao makuu ya ule umoja, na ukuta wa mbele wa jumba la gavana umebandikwa nembo za mawe, kila gavana aliyepita akaacha yake. Viongozi kupenda kibao cha ufunguzi ni ugonjwa wa zamani. Lakini mimi sikuwa natazama ukuta. Nilikuwa nimesimama katikati ya kichochoro nimefumba macho, kwa sababu ya harufu.

Uvunaji ulikuwa umemalizika siku chache tu kabla. Kutoka kwenye milango ya chini ya nyumba ilikuwa inatoka harufu ya zabibu zinazochachuka, tamu, nzito, yenye ukali mdogo nyuma yake unaopanda puani. Harufu hiyo sikuwa nimeinusa tangu niondoke nyumbani. Kwetu tunaita kile kinachotoka kwenye mashine mchuzi wa zabibu, na mtu wa Dodoma hashangai ukimwambia kijiji kizima kinanuka mchuzi. Tofauti ni kwamba kwetu mzabibu hauna majira ya baridi ya kuulaza usingizi, ukiukata matawi unaamka, kwa hiyo tunavuna mara mbili kwa mwaka. Wao ni mara moja tu, na mwaka mzima unaning'inia kwenye wiki hizo chache za Septemba na Oktoba.

Usiku ule, mezani (suruali ikapata kazi yake, ingawa ilitoka kwenye begi imejikunja kama karatasi ya maandazi), shemeji alizibua chupa nami nikaziba jicho. Akacheka. Tangu Biniam Girmay wa Eritrea ashinde hatua ya Giro mwaka 2022, Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda hatua ya mojawapo ya mashindano matatu makubwa, na papo hapo jukwaani kizibo cha prosecco, mvinyo wenye gesi, kikamruka kwenye jicho mpaka akashindwa kuendelea kesho yake, mimi kila chupa naiogopa. "Hii haina gesi," shemeji akasema. Najua. Niliziba hivyo hivyo.

Chupa ile ilitufungulia mazungumzo marefu. Ili mvinyo uitwe Chianti Classico lazima angalau asilimia 80 iwe zabibu ya Sangiovese, na lazima itoke kwenye mipaka hii. Mtawala wa Toscana, Cosimo III de' Medici, aliitangaza mipaka ya kwanza ya Chianti kwa amri mwaka 1716. Mwaka 1932 serikali ikaruhusu jina Chianti litumiwe na maeneo mengi ya jirani, ndipo watu wa hapa wakaongezewa neno Classico ili wajulikane kuwa ndio wenyewe. Nilikuwa nikisikiliza huku nafikiria malori yanayosubiri pembeni mwa mashamba ya Hombolo na dalali aliyeshika mzani. Hapa jina la mahali lina ulinzi, kwa hiyo zabibu inauzwa kwa jina. Kwetu inauzwa kwa kilo, na kilo inashuka bei kadiri jua linavyopanda.

Lakini nisiwapambe. Shemeji ni mjukuu wa mkulima wa *mezzadria*, na kuhusu hilo hacheki. Ulikuwa mfumo wa nusu kwa nusu. Ardhi na nyumba ni za bwana shamba, jasho ni la familia, mavuno yanagawanywa katikati. Nusu ya zabibu, nusu ya ngano, nusu ya mafuta ya zeituni, na juu yake mayai na kuku wa sikukuu vilivyopelekwa kwa bwana kwa idadi iliyoandikwa kwenye mkataba. Familia ililala juu, ng'ombe chini, joto la ng'ombe likapanda kwa watu. Baada ya vita vijana wakakimbilia viwandani, na mwaka 1964 sheria ikapiga marufuku mikataba mipya. Nyumba zikabaki tupu, paa zikaanguka, halafu wakaja Waingereza na Wajerumani wakazinunua. "Zizi la babu," akasema, "sasa kuna bafu la marumaru humo. Nimeliona kwenye intaneti. Sina uwezo wa kulala usiku mmoja."

Siku ya pili nilishuka ngazi kwa kushika ukuta.

Volpaia iko juu ya Radda, na kwa miguu ya siku ya pili ilikuwa mbali kama Mbeya. Ni kijiji kidogo cha ngome ambacho ndani yake, nyuma ya milango ya mawe ya zamani, kumejaa matangi na mapipa. Mvinyo unapitishwa kwenye mabomba yaliyofukiwa chini ya vichochoro, kutoka nyumba hadi nyumba. Kwa nje ni karne ya kumi na kitu, kwa ndani ni kiwanda. Nilipapenda kwa sababu hiyo hasa. Vijiji vingine vya huku vimekuwa sanduku la zawadi, hiki bado kinafanya kazi.

Tukashuka kwa barabara nyeupe. Hizi *strade bianche* ni njia za changarawe iliyosagwa, nyeupe kama unga wa muhogo, na watu wa baiskeli duniani kote wanazijua. Nilijiamini. Changarawe nimezaliwa nayo. Kwenye kona moja nikasikia "psss", nikaangalia chini, baiskeli yangu inatoka maziwa. Kweli kabisa, maziwa meupe yanaruka kutoka kwenye tairi, yananipaka mguu mpaka gotini. Sikuwahi kuona baiskeli inayotoka damu nyeupe. Kumbe tairi hizi hazina tyubu ndani, zinamiminiwa utomvu wa kuziba matundu madogo, na langu halikuwa dogo, lilikuwa jiwe limechana. Mwenye duka hakuwa ameniambia wala kunipa kifaa chochote. Niliuliza kiraka na solusheni viko wapi, shemeji akanitazama kama nimeomba mkaa wa pasi. Akatoa kijiti cha mpira chenye gundi, akakisokomeza tunduni kwa sindano nene, akajaza upepo, tukaondoka. Dakika 4. Fundi wetu wa pale kituoni angehitaji beseni la maji, msasa na mazungumzo ya nusu saa, na ningejua habari za mji mzima kabla ya kulipa. Sijui kipi nimekipungukiwa zaidi siku hizi.

Kwa kupitia Badia a Coltibuono, abasia ya zamani ya watawa iliyojificha msituni, tukateremka hadi Gaiole. Mteremko huo sitausahau. Kilomita 5 bila kugusa pedali, ubaridi wa msitu masikioni, na chini kabisa kijiji cha soko kimelala kando ya kijito. Gaiole ndiko inakofanyika L'Eroica. Giancarlo Brocci aliianzisha 1997, wakajitokeza watu 92 juu ya baiskeli za kizamani, nia ikiwa kuziokoa zile barabara nyeupe zisimwagiwe lami. Sasa kila Oktoba wanakuja maelfu. Baiskeli lazima iwe ya 1987 au kabla, gia zinabadilishwa kwa vijiti kwenye bomba la fremu, waya za breki zinaning'inia nje, jezi za sufu. Kwenye vituo hakuna vinywaji vya pakiti, kuna mkate, supu nzito na mvinyo. Njia ndefu ni kilomita 209. Tuliikosa kwa siku chache tu, mabango yalikuwa bado yananing'inia. Nilimwambia shemeji kwamba Hombolo kuna baiskeli za umri huo zinazokwenda shambani kila siku bila kulipia kiingilio.

Kutoka kwenye L'Eroica hiyo yalizaliwa mashindano ya wataalamu, Strade Bianche, mwaka 2007. Na hapo kwenye baa ya Gaiole mzee mmoja mwenye kofia ya baiskeli aliniuliza natoka wapi. Nikasema Tanzania. "Ah, Kigali!" akapiga meza. Nikamweleza kwamba ni jirani. Hakujali, alikuwa na lake la kusema. Alikuwa ameangalia ubingwa wa dunia wa Septemba, wa kwanza kufanyika Afrika, kilomita 267 na zaidi ya mita 5,000 za kupanda, wanaume wanaacha mbio mmoja mmoja. Tadej Pogačar, ambaye Machi alianguka kwenye Strade Bianche, akainuka na michubuko, akashinda, ndiye aliyeshinda na Kigali. "Vile vilima vyenu," mzee akasema, akatikisa mkono ule wa Kiitaliano kana kwamba vidole vimeungua. Kwa dakika chache nilipokea heshima ya Wanyarwanda wote, na sikuirudisha.

Ngome ya Brolio iko kusini, juu ya barabara nyeupe yenye misaipresi pande zote. Waendeshaji wa L'Eroica huipanda kabla ya kupambazuka, taa za mishumaa zimepangwa chini kando ya njia. Sisi tuliipanda saa 8 mchana na vumbi kinywani. Ukoo wa Ricasoli umekaa hapo tangu 1141. Bettino Ricasoli, aliyekuwa waziri mkuu wa Italia mara mbili na kuitwa baron wa chuma, alitumia miaka mingi kuchanganya zabibu mpaka mwaka 1872 akaandika barua kwa profesa wa Pisa kueleza alichokipata: Sangiovese iwe mwili na harufu, Canaiolo iutulize ukali, Malvasia nyeupe iingie tu kwenye mvinyo wa kunywewa mapema. Nilitazama kutoka chini ya ukuta wake upande wa Siena, vilima vimeshuka ngazi kwa ngazi hadi mnara mwembamba kwa mbali, nikaelewa kwa nini ukoo huu haukuhama.

Kilomita 20 na kitu zilizobaki nazipita haraka kama nilivyotamani kuzipita siku ile. Kula, kunywa, kula, kunywa. Paja la kushoto likakaza nikashuka, nikalikanda, nikapanda.

Siena inakungoja na kichekesho cha mwisho. Unapenya langoni unadhani umemaliza, halafu unawekewa Via Santa Caterina, kichochoro cha mawe bapa kati ya nyumba ndefu, mwinuko unaofika asilimia 16. Mara nyingine Strade Bianche huamuliwa hapo. Mimi nilikuwa naamua kama nianguke kushoto kwenye mlango wa watu au kulia kwa mama aliyeshika aiskrimu. Tairi la mbele lilinyanyuka kidogo. Mama akasema "dai, dai," twende, twende, na kwa aibu tu nikafika juu. Kona, mteremko mfupi, na uwanja wa Campo ukafunguka mbele yangu kama ungo mkubwa wa matofali, watu wamejilaza juani kana kwamba hakuna mtu aliyewahi kupigana hapa.

Nikalala na mimi. Kisha nikampigia baba kwa video.

Alitaka kujua kwanza wanavuna mara ngapi. Nikamwambia mara moja. Akauliza maji wanatoa wapi. Nikamwambia kwa kawaida hawamwagilii, wanategemea mvua. Akaguna ile miguno yake mirefu. Halafu akasema nimwonyeshe hiyo baiskeli ya pikipiki mbili. Nikageuza simu. Ilikuwa imelala ubavu kwenye matofali, nyeupe kwa vumbi, na ule utomvu umekauka kwenye rimu. Aliitazama muda mrefu, akasogeza uso karibu na kioo.

"Keria iko wapi?"

"Haina, baba."

"Sasa mzigo unabeba wapi?"

Nikaanza kumsimulia habari za yule Bartali wa Ponte a Ema, toka mwanzo, alivyozaliwa na alivyoshinda, na mtandao ukakatika kabla sijafika kwenye bomba.